Kujifunza utafiti wa operesheni ukiwa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa uhandisi wa viwanda, wasimamizi wa uzalishaji wa Nyakato na Ilemela, na yeyote aliyechoka kuamua kwa mazoea. Maswali yamepewa namba ili jibu moja likuelekeze kwenye jingine. Bei na viwango vilivyomo ni vya mfano. Weka vya kwako.

## Mwanzo

1. Utafiti wa operesheni ni kitu gani?

Ni kazi ya kuuandika uamuzi kwa lugha ya hesabu, kisha kutafuta chaguo lililo bora kuliko mengine yote yanayowezekana. Uamuzi wenyewe ni wa kila siku: wiki hii tuzalishe nini, tununue malighafi kiasi gani, lori lipi liende wapi, zamu ya usiku iwe na watu wangapi.

Jina lilianzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1930, wanasayansi walipoitwa kulisaidia jeshi kutumia rada. Mitambo ilikuwepo, kilichokosekana ni utaratibu wa kuitumia ipasavyo. Mwaka 1939, huko Umoja wa Kisovieti, Leonid Kantorovich aliandika hesabu za kugawa kazi kwenye mashine za kiwanda cha plaiwudi. Mwaka 1947 Mmarekani George Dantzig akabuni njia ya simpleksi, ambayo mpaka leo imo ndani ya programu nyingi za kutafuta majibu. Kantorovich na Tjalling Koopmans walipewa Nobel ya uchumi mwaka 1975. Dantzig aliachwa, na wapo wasiolisamehe jambo hilo.

2. Una uhusiano gani na uhandisi wa viwanda?

Mhandisi wa viwanda anashughulika na mfumo mzima: watu, mashine, malighafi, muda na fedha. Utafiti wa operesheni ni mojawapo ya vifaa vyake. Akipima kazi kwa saa ya mkononi anapata takwimu. Modeli, yaani uamuzi ulioandikwa kwa hesabu, inamwambia takwimu hizo zinamaanisha afanye nini.

3. Hesabu zangu ni za kidato cha nne. Nitaweza?

Kuanza, ndiyo. Kama uliwahi kuchora mistari kwenye karatasi ya grafu, ukatia kivuli eneo lisilotakiwa, kisha ukajaribu kila kona kuona ipi ina faida kubwa, basi ulishafanya upangaji wa mstari. Tofauti ya pale shuleni na kiwandani ni kwamba kiwandani vigeu, yaani vitu unavyoviamua, haviwi viwili. Vinakuwa mia mbili, na hakuna karatasi ya grafu ya kuvichora.

Ukitaka kwenda mbali utahitaji matriki, uwezekano na takwimu. Kalkulasi inahitajika baadaye, kwenye modeli zisizo za mstari. Usiisubiri ndipo uanze.

4. Nianze na mada ipi?

Upangaji wa mstari, halafu usafirishaji na mitandao, halafu modeli za namba kamili. Foleni na akiba ya ghalani zinaweza kuja wakati wowote kwa sababu zina hesabu zake tofauti. Wengi huharibikiwa kwa kurukia mbinu zenye majina makubwa kabla hawajaandika modeli moja ya kwao wenyewe, ya kazi wanayoijua.

## Kuandika modeli

5. Modeli inaandikwaje? Naomba mfano mmoja kamili.

Tuchukue anayetengeneza chakula cha samaki kwa wafugaji wa sato kwenye vizimba. Anachanganya dagaa, mashudu ya pamba na pumba za mahindi. Kilo moja ya dagaa ni shilingi 2,500, mashudu 900, pumba 500. Tuseme dagaa wana protini asilimia 60, mashudu 35, pumba 10. Mteja anataka mchanganyiko usiopungua asilimia 28. Mashudu yana gosipoli, ambayo ikizidi inadhuru mifugo, kwa hiyo amejiwekea ukomo wa kilo 30 katika kila kilo 100.

Kwanza taja unachoamua. Hapa ni kilo za kila kitu: D, M na P. Hivi ndivyo vigeu. Kisha lengo, yaani gharama iwe ndogo iwezekanavyo:

2,500D + 900M + 500P

Kisha vikwazo:

D + M + P = 100
0.60D + 0.35M + 0.10P ≥ 28
M ≤ 30
na hakuna kigeu kilicho chini ya sifuri.

Jibu ni dagaa kilo 21, mashudu 30, pumba 49. Gharama ni shilingi 104,000. Hakiki protini mwenyewe: 12.6 + 10.5 + 4.9 = 28.

Sasa mlinganishe na fundi anayechanganya kwa mazoea, tuseme dagaa 30, mashudu 20, pumba 50. Chakula chake ni kizuri, kina protini asilimia 30, ila kinamgharimu 118,000. Shilingi 14,000 zinapotea katika kila kilo 100, na hakuna anayeziona kwa sababu hakuna kilichoharibika. Samaki wanakula, mteja anarudi.

Angalia pia sehemu ngumu iko wapi. Kupata jibu ni sekunde moja ya kompyuta. Kazi iko kwenye kujua kwamba ukomo wa mashudu upo, kwamba mteja anataka 28 na siyo 30, na kwamba dagaa aliyepo stoo ndiye yule aliyeandikwa kwenye jedwali (swali la 13).

6. Programu inanipa pia namba zinazoitwa bei kivuli. Za nini?

Mimi huzisoma kabla hata ya jibu lenyewe. Bei kivuli inakuambia kikwazo kikilegezwa kwa kipimo kimoja, lengo linabadilika kwa kiasi gani.

Katika mfano wa swali la 5, ukomo wa mashudu ukipanda kutoka kilo 30 hadi 31, dagaa wanapungua nusu kilo na pumba nusu kilo. Unaongeza shilingi 900, unaokoa 1,250 na 250. Faida ni shilingi 600. Kwa hiyo akija mtu na mashudu yaliyopunguzwa gosipoli, ambayo unaweza kuyatumia zaidi kidogo ya kilo 30, unajua unaweza kumwongezea mpaka 600 kwa kila kilo ya ziada bila kupata hasara.

Upande wa protini, kupandisha hitaji kutoka 28 hadi 29 kunaongeza dagaa kilo 2 na kupunguza pumba kilo 2, yaani shilingi 4,000 zaidi. Mteja akiomba asilimia 30, tayari una bei ya kumtajia.

Bei kivuli ina mipaka yake. Usiizidishe kwa 50 ukategemea majibu. Baada ya umbali fulani mchanganyiko wenyewe unabadilika sura.

7. Bei ya dagaa haitulii. Nifumue modeli kila wiki?

Dagaa wa ziwani huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi mingi hupumzika na sokoni Mwaloni, Kirumba, bei hupanda. Mvua nayo ikishika, kuanika kunakuwa taabu. Ndiyo maana swali hili halikosekani.

Jibu la kushangaza ni kwamba mara nyingi mchanganyiko haubadiliki. Katika mfano wetu, dagaa akipanda kutoka 2,500 hadi 3,500, kilo zinabaki 21, 30 na 49. Kinachopanda ni gharama tu. Mashudu tayari yamefika ukomo, na pumba peke yake haiwezi kufikisha protini. Dagaa angelazimika kushuka chini ya shilingi 1,300 ndipo mashudu yatoke kabisa. Programu nzuri zinakupa mipaka hii bila kuombwa sana. Kabla hujafumua chochote, tazama kama bei mpya ingali ndani yake.

Swali la bei linalostahili modeli mpya ni lingine: ninunue dagaa wangapi wakati wa giza ili wanivushe mbalamwezi? Hapo unaingiza kigeu cha akiba kwa kila wiki, na sharti kwamba akiba ya leo jumlisha manunuzi toa matumizi ndiyo akiba ya kesho.

8. Jibu limetoka malori 2.6. Si nikate tu?

Wakati mwingine inafaa. Ukiwa na magunia 4,812.3, kata uendelee na kazi. Kwa vitu vichache vikubwa, kukata kunaweza kukuumiza.

Chukua boti ya mizigo ya kwenda Ukerewe inayobeba tani 10. Kuna mizigo mitatu isiyogawanyika. Wa kwanza ni tani 6 na unalipa faida ya shilingi 660,000. Wa pili na wa tatu ni tani 5 kila mmoja, faida 500,000 kila mmoja. Ukiruhusu vipande, programu inachukua wa kwanza wote na asilimia 80 ya wa pili: 1,060,000 kwenye karatasi. Ukikata kipande, unabaki na 660,000. Jibu sahihi ni kuuacha kabisa ule mzigo ulioonekana bora na kupakia wa pili na wa tatu: 1,000,000.

Modeli za aina hii huitwa za namba kamili. Njia ya kuzigawa kimatawi na kuyakata matawi yasiyo na tumaini ilitolewa mwaka 1960 na wanawake wawili, Ailsa Land na Alison Doig. Zinaweza kuchukua muda mrefu hata kwenye kompyuta kali, kwa hiyo tangaza namba kamili pale tu panapohitajika.

9. Programu inasema hakuna jibu linalowezekana. Nimekosea wapi?

Vikwazo vyako vinapingana. Huenda umetaka tani 40 kutoka kwa mashine yenye uwezo wa 35, au umechanganya kilo na tani. Ondoa kikwazo kimoja kimoja mpaka jibu litokee. Cha mwisho kuondolewa ni mmojawapo wa wagomvi.

Lakini usidhani kosa ni lako kila mara. Kuna siku modeli inasema kweli: ahadi zote ambazo mauzo wamewapa wateja haziwezi kutimizwa pamoja. Kiwanda kilikuwa kinalijua hilo kwa kuchelewesha mizigo, sasa kimeliona kwa maandishi.

10. Na ikisema faida haina mwisho?

Umesahau kikwazo. Karibu kila mara ni soko au malighafi.

## Zana

11. Nitumie programu gani?

Kwa kuanzia, Solver iliyomo ndani ya Excel inatosha. Inakubali vigeu mpaka 200. LibreOffice Calc nayo ina kitatuzi chake na haina gharama. Ukizidi hapo, jifunze kidogo lugha ya kompyuta ya Python na maktaba kama PuLP au Pyomo, ukitumia vitatuzi vya bure kama CBC, GLPK au HiGHS. Gurobi ni ya kulipia lakini hutoa leseni ya bure kwa wanafunzi na walimu wa vyuo.

Asiye na kompyuta anaweza kufungua Google Colab, inayoendesha Python mtandaoni, kwenye simu na kuendesha PuLP humo. Ni mateso kwa vidole, lakini inafanya kazi, na mfano wa swali la 5 ni mistari michache tu.

12. Bado kuna haja ya kujifunza simpleksi kwa mkono?

Fanya mara mbili tatu, kwa modeli ndogo, ili uelewe kwamba inatembea kutoka kona moja hadi nyingine na kwamba bei kivuli zinatoka humo humo. Baada ya hapo achana nayo. Mtihani ukidai zaidi, jiandae kwa ajili ya mtihani, ila usidhani ndiyo kazi yenyewe.

## Takwimu, foleni na njia

13. Takwimu nazitoa wapi wakati hakuna kumbukumbu?

Unazipima. Hapa ndipo wahitimu wengi hushindwa, kwa sababu darasani namba huja zimeshaandikwa.

Turudi kwa dagaa. Kuna walioanikwa kwenye chanja na kuna walioanikwa chini, mchangani. Hao wa chini huja na mchanga. Chukua gunia, pima uzito, chekecha juu ya turubai, pima tena mchanga uliodondoka. Tuseme mchanga ni sehemu ya kumi ya uzito. Basi protini ya gunia siyo 60 tena, ni 54. Mchanganyiko wako wa kilo 21 sasa unatoa 11.34 badala ya 12.6, na chakula kizima kinashuka mpaka asilimia 26.7. Umemuuzia mteja kisichofika 28 huku kompyuta ikikuhakikishia ni 28 kamili.

Vivyo hivyo kwa vipimo vya sokoni. Ndoo, debe na gunia havina uzito mmoja. Gunia la lumbesa siyo gunia la kawaida. Pima kadhaa, andika wastani na tofauti yake, ndipo ufungue Excel.

14. Malori ya pamba yanakaa foleni getini ingawa mzani hauzidiwi. Inakuwaje?

Nadharia ya foleni ilianzishwa na Mdenmaki Agner Krarup Erlang, aliyeandika kuhusu simu za Copenhagen mwaka 1909, na kilichowasumbua watu wa simu ndicho kinachosumbua viwanda vya kuchambua pamba msimu ukifunguliwa.

Tuseme mzani unahudumia wastani wa malori 12 kwa saa, na malori yanafika bila mpangilio. Yakifika 6 kwa saa, kila lori linatumia wastani wa dakika 10 tangu kufika hadi kutoka. Yakifika 9, dakika 20. Yakifika 11, saa nzima. Mzani bado una nafasi ya lori moja kila saa, lakini foleni imeshapasuka. Anayesema "mbona uwezo upo" anaangalia wastani na kusahau kwamba malori hayapeani zamu barabarani.

Malori yaliyopo getini ni idadi inayofika kwa saa mara muda ambao kila moja linakaa: 9 kwa saa mara theluthi ya saa ni 3. Kanuni hii, ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961, inakusaidia kuhakiki takwimu za mlinzi wa geti bila kumsimamia.

Tahadhari: kama malori yote hufika asubuhi kwa mkupuo, hesabu hizi zinaonyesha tatizo dogo kuliko lilivyo. Fanya uigaji kwenye kompyuta, au jaribu kwanza dawa rahisi, kuwapangia wakusanyaji saa za kufika.

15. Nasambaza soda kwenye maduka. Kompyuta inaweza kunipa njia fupi kuliko zote?

Kwa maduka machache, ndiyo. Maduka 10 yanaweza kupangwa kwa namna 3,628,800. Maduka 15 yanazidi namna trilioni 1.3, kwa hiyo kujaribu moja moja hakufai. Hata hivyo Dantzig, Fulkerson na Johnson walipata njia bora kabisa ya miji 49 ya Marekani mwaka 1954, kwa akili ya kutupa chaguzi nyingi kwa mpigo. Leo OR-Tools, programu ya bure ya Google, inatoa njia nzuri za magari kadhaa kwa dakika chache.

Kwa Mwanza, usitumie umbali wa mstari mnyoofu kwenye ramani. Kuna milima ya mawe katikati. Duka lililo mita 400 kutoka kwako linaweza kuwa juu ya mlima, ambako kreti hupanda kwa mabega. Andika dakika, siyo kilomita, na dereva ndiye anayezijua.

## Watu na mipaka

16. Malengo mawili yakigongana nifanyeje?

Tenganisha kwanza lengo na sheria. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Hilo haliwekwi kwenye mizani na faida, linaandikwa kama kikwazo. Yanayobaki, kama gharama dhidi ya kuwahi, usiyajumlishe haraka kuwa namba moja. Weka kuwahi kama kikwazo, tatua kwa asilimia 90 ya mizigo kuwahi, kisha 95, kisha 98, umpe mwenye kiwanda jedwali la gharama. Uamuzi ni wake.

17. Bosi hataki kusikia habari za modeli. Nimwendeeje?

Usitaje modeli. Anza na mpango wake wa wiki iliyopita, uingize kwenye hesabu zako, umwonyeshe kwamba gharama unayopata inalingana na aliyolipa. Akishaona unajua kiwanda chake, mwonyeshe badiliko moja dogo. Na akisema "hii haiwezekani", msikilize vizuri, maana mara nyingi anakutajia kikwazo ambacho hukukiandika: mashine ya pili haiwashwi pamoja na ya tatu kwa sababu umeme hautoshi, au yule mzee wa barafu hauzi kwa mkopo siku za Jumatatu.

18. Modeli hudumu muda gani?

Mpaka dunia yake ibadilike. Mtu aliyepanga ratiba ya malori ya Sengerema na Geita kwa kuhesabu kusubiri kivuko cha Kigongo–Busisi, alilazimika kuanza upya Juni 2025 Daraja la JPM lilipofunguliwa. Andika pembeni ya kila namba umeitoa wapi na lini. Utajishukuru.

19. Nisome wapi, na kazi zipo?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya uhandisi wa viwanda, na somo hili hufundishwa pia kwenye kozi za biashara, hisabati na lojistiki. Tangazo la kazi lenye jina la utafiti wa operesheni ni adimu. Tafuta mpangaji wa uzalishaji, mchambuzi wa ugavi, msimamizi wa usafirishaji. Ukiomba, peleka modeli moja uliyoifanya kwa kiwanda au duka halisi. Inasema zaidi ya cheti.

20. Akili unde si itaniandikia modeli yote?

Itaandika msimbo wa swali la 5 vizuri tu. Haitajua kwamba gunia lina mchanga. Kuna kosa jingine la kuangalia: huandika modeli inayofanana sana na yako yenye alama moja iliyogeuzwa, ≤ mahali pa ≥, na jibu linatoka bila onyo. Ipe mfano ambao jibu lake unalijua tayari. Isipokupa 21, 30 na 49, soma mstari mmoja mmoja.